Nembo na Amana ya Wahenga

Mji utakapo kujijengea nyumba ya ngoma, nyimbo na tamthilia, kisha ukamwita msanifu aichoree nembo, suala la kwanza limkabililo ni la haki, kabla hajafikiri rangi wala herufi: ni kipi katika mali ya watu hawa kiwezacho kutundikwa mlangoni hadharani, na ni kipi kisichoruhusika kuguswa?

Kwa mji wa Sumbawanga, ulioko Ufipa, jibu jepesi lipo tayari. Katika nyanda hizo za juu yamesalia magofu ya malungu, matanuru marefu ya udongo yaliyomzidi mtu kimo, ambamo wahunzi wa Kifipa waliyeyusha mawe ya chuma hata mwanzoni mwa karne ya 20, kabla chuma cha ng'ambo hakijawaharibia soko. Umbo lake ni la fahari, na mistari michache yatosha kulichora. Ni nani asiyelitamani?

Walakini ilungu, yaani tanuru moja la namna hiyo, lilikuwa zaidi ya chombo cha kazi. Fundi aliyeliongoza alijizuia na unyumba hadi kazi ikaisha, na dawa alizozitia ndani yake zilikuwa siri ya ufundi wake. Kwake yeye kuyeyusha chuma kulikuwa karibu na ibada. Atakayezichukua siri hizo apambie tiketi na mabango atakuwa ameuza amana asiyokabidhiwa, hata nia yake ikiwa njema.

Wala simwambii msanifu aondoke mikono mitupu. Ilungu halikuhitaji mivukuto: chini yake palitobolewa vilango pande zote, vikatiwa mirija ya udongo, na upepo ukaingia wenyewe ukivutwa na moto. Hayo ni ya dhahiri, yaonekanayo hata leo katika magofu, na maana yake yauafiki ukumbi ambao uhai wake hutegemea watu waingiao kutoka kila upande. Duara lenye vilango hivyo latosha kuwa nembo.

Ila nembo ya namna hiyo ni ahadi ya kuwapokea watu, maana sanaa hukaa kwa watu kuliko katika jengo. Jumba la maonyesho la Chuo cha Sanaa Bagamoyo liliungua mwaka 2002, na sanaa ya Bagamoyo haikufa, kwa kuwa ilikaa kwa wachezaji na waalimu wake. Basi wacheza ngoma kutoka mji mdogo wa Laela wakifika Sumbawanga wakakosa nafasi jukwaani, vilango vilivyochorwa ukutani vitakuwa ushahidi wa uongo. Na kabla ya yote wazee wa Ufipa waulizwe. Watakapokataza, katazo lao liwe hukumu, kwani wao ndio warithi wa mali hiyo.