Nembo za Mji Huu Zichorwe na Watoto Wake

Novemba 2024 kampuni ya simu ya Tigo ilibadili jina ikawa Yas. Haukupita muda, vibanda vya mawakala, miamvuli ya barabarani na kuta za maduka kuanzia Mbagala Rangi Tatu hadi Mwenge hapa Dar es Salaam vikaanza kugeuka njano. Wenye umri mkubwa kidogo wanakumbuka Celtel ilivyogeuka Zain, na Zain nayo ilivyogeuka Airtel mwaka 2010. Kila mara jiji zima huvalishwa upya, na kila mara shughuli yote huanzia mahali padogo sana: mtu ameketi mbele ya kompyuta, anavuta mstari kutoka nukta moja kwenda nyingine, anafuta, anavuta tena, mpaka nembo inasimama.

Nakuuliza wewe mwanafunzi wa Tandika, wa Mtoni, wa Tandale, wa Kawe: kwa nini mtu huyo asiwe wewe?

Siulizi kukufurahisha. Uchoraji wa nembo, ikoni na vielelezo kwa vekta ni ufundi unaofundishika, na sehemu kubwa ya hesabu zake ulishaipata shule ya msingi. Unakumbuka majira ya nukta? Ule mhimili wa x na mhimili wa y kwenye karatasi ya mraba? Basi ulikuwa umeshika msingi wa kazi hii bila kuambiwa.

Picha unayopiga kwa simu imejengwa kwa viraba vidogo vidogo vya rangi. Ukiikuza kupita kiasi, inapasuka. Umeyaona haya mtaani: mama lishe anatuma nembo yake kwa WhatsApp, inachapwa kwenye bango la mita tatu, na kingo za herufi zinatoka meno meno. Mchoro wa vekta hauhifadhi viraba. Unahifadhi maelekezo: anzia nukta hii, pinda hivi, ishia pale, jaza kijani. Kila ukibadili ukubwa, kompyuta inayasoma maelekezo na kuchora upya. Kwa hiyo faili lilelile linatosha kwenye ikoni ndogo ya simu na kwenye bango la kuzunguka Uwanja wa Benjamin Mkapa hapo Temeke. Mashine ya kukata stika inataka hivyohivyo, maana kisu chake hufuata mstari, na picha iliyopasuka haina mstari wa kufuatwa.

Hata ile mipindo laini ya nembo ina historia ya karakana. Miaka ya 1960 Pierre Bézier, mhandisi wa kiwanda cha magari cha Renault nchini Ufaransa, alieneza njia ya kuchora mipindo ya bodi za magari kwa nukta chache na hesabu. Leo mipindo inayoitwa kwa jina lake imo ndani ya herufi unazosoma kwenye simu. Kumbe somo unalolikimbia darasani ndilo linalochora dunia unayoitazama kila siku.

Sasa tufanye kazi. Zoezi lako la kwanza liwe bendera ya taifa. Kwenye programu ya kuchora vekta, chora mstatili wa bluu, upana 300 na kimo 200. Juu yake weka pembetatu ya kijani yenye nukta tatu: kona ya chini kushoto, kona ya juu kushoto, kona ya juu kulia. Kutoka kona ya chini kushoto hadi ya juu kulia pitisha mstari mnene wa njano. Juu ya huo wa njano pitisha mweusi, mwembamba kidogo, ili njano ibaki ikichungulia pande zote mbili. Kata kinachozidi kwenye kona. Umemaliza: maumbo manne tu. Toka nje, linganisha na bendera iliyo kwenye mlingoti wa shule, urudi kurekebisha unene wa mistari. Kisha hifadhi faili kama SVG na ulifungue kwenye Notepad. Utazikuta namba zimeandikwa humo, zinasomeka kama maandishi mengine yoyote. Ukishazielewa, unaweza kuiandika bendera nzima kwa mkono kwa mistari isiyofika kumi, kivinjari kikaionyesha.

Siku utakayofanya hivyo utajua kwamba hakuna uchawi ndani ya kompyuta. Kuna mtu aliyejua anachotaka, akakiagiza kwa usahihi.

Wala usidhani ufundi huu ni wa kuazima. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru kuja Dar es Salaam kutafuta maisha. Hakupita chuo chochote cha sanaa. Kwenye miaka ya mwisho ya 1960 alianza kuchora kwa rangi za baiskeli juu ya vibao, picha zikauzwa Morogoro Stores, Oysterbay, ndani ya wilaya ya Kinondoni. Alifariki mwaka 1972, miaka michache tu baada ya kuanza, lakini jina lake limekuwa jina la mtindo mzima, na ushirika wa wachoraji waliorithi kazi yake uko Oysterbay mpaka leo. Itazame picha ya Tingatinga kwa makini. Kwanza rangi ya nyuma, kisha umbo la mnyama, kisha madoa na mistari juu yake. Rangi bapa, kingo zilizo wazi, tabaka juu ya tabaka. Ukifungua programu ya vekta utapanga tabaka kwa utaratibu huohuo.

Itazame na kanga ya mama yako. Pindo, mji, jina. Ua moja limechorwa vizuri, likageuzwa, likarudiwa, likajaa nguo nzima. Kiwanda cha KTM pale Mbagala kimechapa kanga kwa miaka mingi, na wewe umekua ukizunguka michoro ya namna hiyo tangu ulipobebwa mgongoni. Macho yako yana shule kabla hujaingia shule. Yatumie.

Najua utakaloniambia: programu ni ghali. Si kweli. Inkscape ilianza mwaka 2003 na ni ya bure kabisa, kwa halali, bila kuiba wala kukodi. Inaingia kwa flashi, na ikishaingia haidai bando ili ufanye kazi. Utaniambia kompyuta za shule ni chache na wanafunzi ni wengi. Hilo ni kweli, na lina dawa. Chora kwanza kwenye daftari la mraba. Weka nukta, andika majira ya kila nukta, amua rangi, kosea hukohuko kwenye karatasi. Ukipata nusu saa ya kompyuta, unakaa kutekeleza wakati mwenzako bado anawaza. Mchoraji aliyejiandaa kwa penseli hufika mbali kwa dakika chache.

Ukishazoea maumbo, chukua kazi halisi: nembo ya shule yako. Shule nyingi zimebaki na nembo iliyotolewa kopi ya kopi mpaka mwenge hautofautishiki na kitabu. Iombe kwa mwalimu mkuu. Iangalie kwa subira, waulize walimu wa zamani kila alama ilimaanisha nini, kisha ichore upya kwa vekta, mstari kwa mstari. Ipeleke iwekwe kwenye karatasi za mitihani, kwenye vyeti vya mahafali, kwenye beji ya sweta. Ukishaona mchoro wako kifuani kwa wadogo zako wa kidato cha kwanza, hakuna atakayekushawishi tena kwamba wewe huwezi.

Kutoka hapo, mtaa unakusubiri. Fundi cherehani wa Tandika, kinyozi wa Manzese, dereva wa bajaji, kikundi cha vikoba cha shangazi yako, kwaya, madrasa, timu ya mchangani: wote wanahitaji alama inayosomeka kwa mbali. Kaa nao, sikiliza, chora michoro mitatu wachague mmoja. Usiibe nembo ya mtu kwenye intaneti ukabadili jina. Alama za biashara husajiliwa BRELA, na kazi za sanaa zina ofisi yake ya hakimiliki, COSOTA. Linda cha mwenzako leo, kesho chako kitalindwa.

Mwalimu, neno lako ni zito hapa. Mitaala iliyoanza kutekelezwa mwaka 2024 imeupa mkondo wa amali nafasi sekondari, na taifa limeshasema wazi kwamba ujuzi wa mikono una heshima. Kifungue chumba cha kompyuta saa moja baada ya vipindi. Huhitaji kuwa bingwa. Jifunze pamoja nao. Mwalimu wa hesabu na mwalimu wa sanaa wakikaa meza moja, somo hili limeshapata walimu wawili.

Nawe mzazi, ukimkuta mwanao anahangaika na mduara kwenye skrini, usimwambie anacheza. Muulize anachora nini, na umkosoe kama unavyomkosoa fundi wa milango yako.

Chanda chema huvikwa pete, na chanda hakiwi chema kwa kukunjwa mfukoni. Kwa hiyo kabla ya Ijumaa hii, mdogo wangu, tafuta karatasi ya mraba, weka nukta nne za kwanza, ziunganishe. Wiki ijayo weka nane. Muhula ujao mfundishe mwenzako mmoja, naye amfundishe mwingine, mpaka mwenye biashara wa Temeke au Kinondoni akitaka nembo, ajue kijana wa kumwendea yuko mtaa wa pili.