Macho ya Baba

Kila Ramadhani, ikifika siku ya tatu au ya nne, weupe wa macho yangu hubadilika rangi. Si njano ya kutisha, lakini tukisalimiana kwenye mwanga wa asubuhi utaiona. Wapo wanaosema papo hapo: "Nyongo imekupanda, katafute dawa." Wengine hutazama chini wakanyamaza. Hao ndio wanaoniumiza, maana nayajua mawazo yao. Ni yaleyale waliyokuwa nayo juu ya baba yangu.

Hapa Chanika, Handeni, baba alijulikana kwa macho. Kiangazi kikikaza, lambo likakauka na watu wakaamka saa nane za usiku kupanga foleni ya madumu, yeye alirudi shambani jioni macho yamekolea njano. Wakasema ni gongo. Mjomba wangu akamwambia mama mbele yetu kwamba ameolewa kwenye ukoo wenye damu mbovu. Baba hakumjibu. Alikunywa mizizi michungu aliyoletewa, akatapika usiku kucha nyuma ya nyumba, na asubuhi akachukua jembe lake akaenda shamba. Nilikuwa mdogo, ila sauti ile ya kutapika ninayo mpaka leo.

Na mimi nikaipita njia hiyohiyo. Nimemeza dawa za malaria wakati sina malaria. Nimeachishwa mafuta, nyama na mayai miezi mizima, nikakonda, na macho yakazidi. Hatimaye nikapanda basi kwenda Korogwe, kilomita 65, nikakutana na daktari kijana aliyeniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa: "Mkojo ukoje, mzee? Wa kawaida, au kama chai ya rangi?" Wa kawaida, nikamwambia. Akaandika vipimo: wingi wa damu, selimundu, homa ya ini B na C, utendaji wa ini. Vyote vikatoka safi isipokuwa bilirubini, tena ile ambayo ini halijaisindika. Akanirudisha baada ya wiki chache nikiwa nakula na kulala vizuri. Ikawa imeshuka.

Akanieleza polepole. Chembe nyekundu za damu huishi siku kama 120, kisha huvunjwa, na katika kuvunjwa huko hupatikana bilirubini, ambayo ni ya njano. Ini huisindika kwa kimeng'enya ili itoke na nyongo. Kwetu sisi kimeng'enya hicho hufanya takriban asilimia 30 ya kazi yake. Ukifunga, ukikosa maji au usingizi, ukishikwa na homa, bilirubini hupanda. Ukila na kupumzika, hushuka. Ini lenyewe ni zima. Mfaransa Augustin Gilbert aliieleza hali hii mwaka 1901, nayo huitwa kwa jina lake. Hukadiriwa kuwa katika kila watu 100 duniani, kati ya 3 na 10 wanayo. Dawa yake haipo kwa sababu haihitajiki, ila niitaje kila ninapoandikiwa dawa, maana chache, zikiwamo baadhi za saratani, hupitia kimeng'enya hichohicho.

Kisha akasema neno lililoninyamazisha njia nzima ya kurudi. Kwa kawaida mtu haipati kwa mzazi mmoja. Jeni hiyo ipokelewe kwa baba, na ipokelewe kwa mama pia. Mama yangu, ambaye macho yake yalikuwa meupe hadi anafumba kwa mara ya mwisho, naye alinipa fungu lake. Na mjomba aliyetoa ile kauli alitoka tumbo moja na mama.

Sisemi macho ya njano yapuuzwe. Lugha yetu imetuponza kidogo hapa: "manjano" tunaliita gonjwa, wakati ni dalili, na huku kwetu huweza kuletwa na malaria, selimundu, homa ya ini B na mengineyo. Mkojo ukiwa mweusi, kinyesi kikapauka, mwili ukawasha au homa ikapanda, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kichanga akiwa wa njano siku aliyozaliwa, msimwanike juani mkingoja kesho. Mpelekeni. Na mtu mzima apimwe kwanza, ndipo tumpe jina la ugonjwa wake, na kwa hisani yenu tusianze na jina la ulevi.

Baba hakupimwa. Alifariki bila karatasi ya maabara, na mimi siwezi kuapa kwamba hali yake ndiyo hii yangu. Lakini nimelala nyumba moja naye miaka kumi na tisa. Wazee wa Chanika mliokaa naye barazani, mkiwasimulia wajukuu habari zake, nawaomba muwaambie hili: hakuwahi kuonja pombe.