Damu ya Wahavasupai

Kijiji cha Supai kiko chini ya bonde la Grand Canyon, Marekani; hata barua hushushwa huko kwa nyumbu. Mwaka 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona walianza kuwapima damu Wahavasupai. Kisukari kilikuwa kimewaandama, nao walitaka kujua sababu.

Mwaka 2003 Carletta Tilousi, mmoja wa kabila hilo, alihudhuria utetezi wa tasnifu chuoni hapo. Akabaini kuwa damu ileile ilikuwa imechunguzwa kwa mambo mengine: skizofrenia, ndoa za ndugu, hata asili ya kabila. Wahavasupai huamini chimbuko lao ni bondeni humo. Watafiti wakasema mababu zao walitoka Asia.

Je, aliyeridhia jambo moja ameridhia yote?

Wapo wanaosema maarifa ni ya binadamu wote, na sampuli ya leo huenda ikaokoa maisha kesho. Hoja hiyo ina uzito. Lakini haimpi mtoaji nafasi ya kukataa, hasa pale jibu linapogusa imani yake.

Kabila lilikishtaki chuo, na mwaka 2010 kilikubali kuwalipa watu 41 wa kabila hilo dola 700,000 na kurudisha sampuli. Kwa kuwa pande zote zilipatana, hakuna mahakama iliyoamua damu hiyo ilikuwa mali ya nani.