Jina, Somo na Haki ya Msanii

Je, jina ni mali ya nani? Swali hili lina uzito wa pekee katika sanaa za maonyesho, kwani humo jina humtangulia msanii mbele ya hadhira. Makala haya yanashikilia kwamba aliyetangulia kulivumisha jina hawi mmiliki wake.

Kwa miaka mingi, vyama vya waigizaji vya Marekani na Uingereza vimefuata kanuni kwamba wanachama wawili wasitumie jina moja kikazi. Hivyo David McDonald, Mskoti aliyesifika katika tamthilia ya televisheni ya Doctor Who kuanzia 2005, akawa David Tennant. Michael Douglas aliyezaliwa 1951 akawa Michael Keaton, kwa kuwa Michael Douglas mwingine alikwisha jiandikisha. Kanuni hii ina hekima yake: huzuia mmoja asivune alichopanda mwenziwe. Hata hivyo, humfanya aliyetangulia kuwa mwenye nyumba, na anayefuata akawa mpangaji katika jina alilopewa na wazazi wake.

Hebu tutazame mfano wa Steve McQueen wawili. Wa kwanza (1930–1980), Mmarekani, alianza kuvuma kwa mfululizo wa televisheni, Wanted: Dead or Alive (1958–1961), kabla ya filamu ya Bullitt (1968). Wa pili ni mwelekezi mweusi aliyezaliwa London mwaka wa 1969, wazazi wake wakiwa na asili ya Karibi. Alitunukiwa Tuzo ya Turner mwaka wa 1999, na mwaka wa 2020 BBC ikaonyesha filamu zake tano, Small Axe. Huyu hakubadilisha jina. Je, amefaidi umaarufu wa marehemu? La. Anayeitazama Hunger (2008) akitarajia mbio za magari za Bullitt atawakuta wafungwa wa Ireland Kaskazini waliogoma kula mwaka wa 1981.

Filamu yake ya 12 Years a Slave (2013), iliyompa Lupita Nyong'o tuzo ya Oscar mwaka wa 2014, inalitia swali letu uzito zaidi. Solomon Northup, mtu huru aliyetekwa nyara mwaka wa 1841, aliuzwa kwa jina la Platt. Kupokonywa jina kulikuwa sehemu ya kupokonywa utu. Hatudai kwamba kanuni ya chama ni utumwa. Mwigizaji hujichagulia jina jipya na huendelea kuwa huru. Tunachosema ni kwamba jina si kibao cha dukani tu.

Waswahili humwita mwenye jina kama lako somo, na neno hilo hubeba mapenzi, si ushindani. Mjukuu akipewa jina la babu, babu hapungukiwi na kitu. Wala mjukuu harithi sifa ambazo hajazitendea kazi. Yamkini msomaji atapinga kwamba usomo ni wa jamaa, ilhali sokoni kuna malipo na sifa za kugawanywa. Pingamizi hili ni la haki. Lakini mchanganyiko wa malipo hutatuliwa kwa kuongeza jina la pili, na mchanganyiko wa sifa ni juu ya mhakiki kuutatua. Anayetaja McQueen hana budi kusema ni yupi, kisha ampime kwa kazi yake. Kumtaka msanii aache jina lake ili sisi tusisumbuke kutofautisha ni kumtwisha mzigo wetu.