AMEFUTA YOTE, LAKINI MWENYEWE ANAJULIKANA

Masomo: Luka 15:11-24, Isaya 49:14-16



Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti, 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani viligawiwa kwa walimu. Chombo hiki sasa kinakaa mezani pamoja na chaki na daftari la mahudhurio. Lakini kimekuja na taabu yake: mtu amesahau neno la siri, laini ya simu aliyojiandikishia imepotea, na chombo kimejifunga na kazi yake yote ndani.

Wengi hukimbilia kwa fundi wakisema, "Nifutie kila kitu, nianze upya." Fundi hubonyeza vitufe vya ubavuni, na yote hufutika: picha, barua, alama za watoto. Kikiwaka tena, chauliza akaunti ile ile iliyokuwamo kwanza. Vishikwambi vingi vimetengenezwa hivyo ili mwizi asipate faida. Kimefutwa, lakini hakijamsahau mwenyewe.

Nasi tukikwama katika dhambi hupenda kufuta. Twahama mtaa, twabadili marafiki, twaliacha kanisa kwa aibu. Mwana mpotevu alihamia nchi ya mbali kabisa. Hata hivyo, kati ya nguruwe alikuwa bado mwana wa baba yake. Kwenda mbali hakukumponya. Alipona alipozingatia moyoni, akaondoka, akarudi nyumbani.

Njia halali ya kufungua chombo nayo ni ya kurudi. Mtu huenda kwa wakala wa kampuni ya simu, huweka kidole, alama zake hulinganishwa na zile alizosajiliwa nazo, naye hupewa laini yenye namba yake ile ile. Kisha tarakimu za kuthibitisha hutumwa kwenye namba hiyo, naye huweka neno la siri jipya. Asikawie, maana laini isiyotumika muda mrefu hufungwa, na namba yake yaweza kupewa mtu mwingine.

Angalieni: neno amelisahau, laini imempotea, lakini kidole anacho. Nabii Isaya anakwenda mbali zaidi. Asema kwamba Mungu amewachora watu wake katika viganja vyake mwenyewe. Basi kutambuliwa kwetu hakutegemei kumbukumbu yetu, bali mkono wake.

Ndugu, usinunue kishikwambi kilichofungwa kwa sababu ni rahisi, wala usimlipe mtu akivunje kufuli lake. Huenda yuko mwalimu anayekililia. Aliyesahau neno lake aombe msaada. Si aibu mzee kumwuliza kijana.

Na wewe uliyekaa mbali na Meza ya Bwana kwa ajili ya mambo ya zamani, rudi Jumapili hii. Kwa Baba nafasi yako haijapewa mtu mwingine.

Bwana awabariki. Amina.