Baba Aliyevuka Maji

Mwaka 2000 Michaël Dudok de Wit, mtengenezaji wa filamu za katuni kutoka Uholanzi, alitoa filamu fupi iitwayo Father and Daughter, yaani Baba na Binti. Ni ya dakika nane tu, haina mazungumzo, na mwaka uliofuata ilipata tuzo ya Oscar. Baba na binti yake mdogo wafika ukingoni kwa baiskeli. Baba amkumbatia mwanawe, apanda mashua, avuta makasia, apotea. Binti hurudi pale pale kuangalia maji: angali mtoto, kisha msichana, kisha na mumewe na watoto, hata akawa bibi kizee. Hatuambiwi baba alikwenda wapi wala kwa nini.

Sisi tulioko Doha filamu hii yatugusa, kwa kuwa sisi ndio tuliopanda mashua. Na sababu tunazo siku zote: ada ya skuli, dawa za wazee, nyumba isiyokwisha. Wengi wetu hatukuchagua kuacha familia. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa hapa Qatar mwaka 2021 ni riali 1,000 kwa mwezi, na mwenye kupata hizo yuko mbali na kiwango kinachotakiwa ili alete mke na watoto.

Basi tupige hesabu. Sheria ya Kazi Na. 14 ya mwaka 2004 yampa mfanyakazi likizo isiyopungua wiki tatu kwa mwaka, na wiki nne akishatimiza miaka mitano kazini. Chukua baba aliyeondoka mtoto akiwa na miaka 3, akaenda nyumbani kila likizo bila kukosa. Mtoto akifika miaka 18 watakuwa wamekaa pamoja wiki 55. Ni mwaka mmoja na wiki tatu katika miaka 15.

Je, baba huyo amekosa? Hatusemi hivyo. Kukaa nyumbani huku mtoto analala na njaa nako si malezi. Lakini tuna tabia ya kumwambia mtoto kwenye simu, "Nataabika kwa ajili yako," na hapo tumemtwisha deni asilolikopa. Yeye naye amelipa, kwa wiki zote zilizobaki, wala hakuulizwa. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Binti wa filamu aonyesha kinyume: la baba lipo, na maisha yake yote hurudi pale.

Mwisho wa filamu maji yamekauka, na bibi yule aikuta mashua imezama majanini. Ajilaza ndani yake, kisha ainuka, arudi kuwa kijana na kumkimbilia baba. Kwetu haiwi hivyo. Mtoto tuliyemwacha hatutamkuta tena. Kwa hiyo tunalowajibika kumpa, pamoja na pesa, ni shukrani kwa subira yake na tarehe ya kurudi anayoijua. Na mkataba mwingine ukiletwa mezani, naye aulizwe kabla hatujautia saini.