UMEKATALIWA KAZI KWA AJILI YA SURA YAKO?

Kijana rafiki yangu, usiitupe karatasi hii. Soma kwanza.

Umezunguka na bahasha ya kaki kutoka Posta mpaka Kariakoo, Kariakoo mpaka Ubungo. Umeona tangazo: anahitajika binti wa mapokezi, awe na mwonekano mzuri, alete na picha. Picha ya nini? Kupokea simu kunahitaji pua ya namna gani? Umeingia ndani, bosi amekuangalia juu mpaka chini, akasema, "Tutakupigia." Mpaka leo simu haijalia.

Wapo watakaokuambia sura si kitu, ni bidii tu. Mimi sitakudanganya. Mwaka 1994 wachumi wawili, Daniel Hamermesh na Jeff Biddle, walitoa matokeo ya uchunguzi wa wafanyakazi wa Marekani na Kanada. Waliohesabiwa kuwa si wazuri wa sura walilipwa pungufu kuliko watu wa kawaida, kama asilimia 5 mpaka 10. Wanaume nao walikuwemo, si wanawake peke yao. Kwa hiyo hulii bure. Jambo lipo.

Tena ni la siku nyingi! Israeli walipotaka mfalme wakampata Sauli, kijana mzuri, mrefu, wengine wote wanamwishia mabegani. Lakini Goliathi alipotoka kutukana, yule mrefu aliogopa pamoja na jeshi lake. Na kabla ya hapo nabii Samweli alikuwa ameshakwenda kwa Yese kutafuta mfalme mwingine. Akamwona Eliabu, akasema moyoni, ndiye huyu. Nabii mzima! Mungu akamkatalia. Wakapita vijana saba, na wa nane alikuwa porini na kondoo. Hata baba yake hakuona sababu ya kumwita kwenye usaili. (Daudi naye alikuwa na sura nzuri, Biblia haifichi. Ila siyo iliyompa kazi.)

Na sisi wa makanisani tusijifanye wasafi. Yakobo sura ya 2 inawasema watu waliomkalisha vizuri mwenye pete ya dhahabu, maskini wakamwambia akae chini. Mpaka leo mwenye suti anaongozwa viti vya mbele.

Sasa we binti, sikia. Kwa kutafuta kazi wengine wameingia kwenye mkorogo. Anapaka ili awe mweupe, aonekane wa ofisini. Krimu nyingine zina zebaki, nyingine haidrokwinoni. Zebaki inapita kwenye ngozi, inakwenda kuharibu figo. Haidrokwinoni ukiipaka muda mrefu inaweza kukuachia mabaka meusi usoni, yale yale uliyokuwa unayakimbia, na safari hii hayatoki. Uso unakuwa wa njano, vifundo vya vidole vinabaki vyeusi, kila mtu anajua. Serikali imezipiga marufuku lakini zinauzwa kwa kificho. Dada yangu, mshahara wa kwanza utaupeleka hospitali?

Yupo na bosi anayesema kazi ipo, ila tuonane kwanza gesti. Huo si usaili! Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inasema hilo ni kosa la jinai. Piga TAKUKURU 113, ni bure. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza kumbagua mtu kazini kwa rangi, jinsia, mimba, umri au ulemavu, na anayeomba kazi naye analindwa. Wewe mwenye ulemavu, sheria ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye watu 20 na zaidi awe na watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Waulize wanao wangapi. Ufupi na meno yaliyopandana sheria haikuyataja. Hapo bado tumeachwa.

Basi uende mchafu? Hapana! Mwangalie Yusufu. Alikuwa mzuri wa umbo na uso, na uzuri huo ndio uliomponza: mke wa bosi alimtamani, akakataa, akasingiziwa, akafungwa. Siku Farao alipomwita, alinyoa kwanza na kubadili nguo. Hakujichubua. Wewe nawe, shati moja la mtumba, pasi ya mkaa, viatu vipigwe brashi, kucha zikatwe. Hiyo ni heshima kwa mtu unayekwenda kumwona, na haikudhuru mwili.

Lakini Farao hakumpa kazi kwa ndevu zilizonyolewa. Yusufu alikuwa na la kusema: miaka saba ya shibe inakuja, kisha saba ya njaa, weka akiba sehemu moja ya tano ya mavuno. Mfungwa, mgeni, anampangia mfalme chakula cha nchi nzima! Wewe ukiulizwa unajua nini, utajibu nini? Kama ni kushona, kuchapa, kuhesabu stoo, kaa usiku ujifunze mpaka ujibu bila kubabaika.

Leo jioni tupo uwanjani saa kumi. Kama huna viatu njoo na ndala. Viti vya mbele safari hii hatumwekei mtu, anayewahi anakaa. Baada ya maombi, wenye bahasha za kaki wabaki, tuzipitie barua zenu pamoja.